Kidogo Kutoka Ukingoni

Bwawa la Nyumba ya Mungu ni kazi ya mikono ya watu. Katika miaka ya 1960 mto Pangani ulizibwa chini kidogo ya mahali ambapo Kikuletwa na Ruvu hukutana, maji yakajaa bondeni, na watu wakaja kutoka pande nyingi kuvua perege. Umeme unaofuliwa pale kwenye tuta ni megawati 8 tu, lakini maji yaleyale huteremka hadi mitambo ya Hale na ya Pangani kabla ya kufika baharini. Sisi wanawake 11 tunaoandika haya tumezaliwa juu, penye migomba, upande wa milima ya Upare. Kwetu bwawa lilikuwa samaki sokoni na taa nyumbani. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba angekaa ndani ya mtumbwi na kushika kafi.

Kilichotupeleka huko ni mtaa mmoja wa usharika wetu ulio ng'ambo ya hori, yaani ule mkono wa maji unaoingia nchi kavu. Wakati wa kiangazi bodaboda hufika. Masika ikija maji hupanda, njia hufunikwa, na mwenye haraka huvuka kwa mtumbwi. Kule kuna wazee wawili wasioweza kutembea na mama mmoja mwenye kisukari. Wanawake wa umoja wetu ndio wanaowatembelea. Kila tulipotaka kuvuka ilibidi tumsubiri mvuvi amalize kazi yake, na mara nyingi alimaliza jua likiwa limeshakuwa kali na upepo umeshaanza. Ndipo mwenyekiti wetu akauliza, kwa nini tusijifunze wenyewe?

Wengine walicheka. Mzee mmoja wa kanisa alisema, kwa upole, kwamba imani haihitaji kozi ya ubaharia. Tulimheshimu, lakini hatukukubaliana naye. Tukasoma Luka sura ya 5. Watu wengi huirukia habari ya nyavu zilizojaa samaki, na wahubiri huipenda ile amri ya kwenda kilindini. Kabla ya hapo kuna jambo dogo: Bwana alimwomba Simoni asogeze chombo mbali kidogo tu na nchi kavu, akaketi, akafundisha. Kilindi kilikuja baadaye. Na huyo Simoni alikuwa mvuvi tangu zamani! Kama mvuvi alianzia karibu na ukingo, sisi wa migombani tuanzie wapi?

Tulianzia horini. Mzee mvuvi aliyekubali kutufundisha alichagua sehemu ambayo ina rasi ya mawe upande upepo unakotoka, hivyo maji yake hutulia hata pale ambapo bwawa kubwa limeanza kuchafuka. Saa ilikuwa moja asubuhi. Kilimanjaro ilionekana yote, na maji yalikuwa kama yamepigwa pasi. Tulimuuliza kuhusu mamba. Hakutudanganya. Alisema wapo bwawani, ndiyo maana tutapita anapopita yeye, hatutatumbukiza mikono majini kwa kuchezea, na hatutakaribia matete.

Somo la kwanza lilikuwa mchangani. Aliupindua mtumbwi juu chini, akatuambia tuushike pembeni kana kwamba tumezama. "Mama zangu, mtumbwi ukipinduka, msiuache. Mbao haizami. Anayezama ni anayeuacha akaogelea kuelekea nchi kavu, kwa sababu nchi kavu huonekana karibu kuliko ilivyo." Tulirudia mara tatu, tukiwa tumeshika mtumbwi na kanga zetu zimejaa mchanga, watoto wa wavuvi wakitucheka.

Kisha jaketi okozi. Tulinunua 6 kwa michango yetu, kwa hiyo tulienda kwa zamu. Hapa tuseme wazi, maana jambo hili lilizua maneno: wako waliosema kuvaa jaketi ni kutokumwamini Mungu. Sisi tunasema asiyevaa hapandi. Katika Matendo sura ya 27 Paulo alikuwa ameahidiwa na malaika kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Chomboni walikuwamo watu 276. Hata hivyo mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo aliwaambia askari kwamba wale wasipobaki, hawataokoka. Mwishoni waliojua kuogelea waliruka kwanza, na wengine wakafika pwani juu ya mbao na vipande vya merikebu. Ahadi ya Mungu ilitimia kwa mbao. Hatuoni aibu kutimiziwa yetu kwa jaketi.

Kupiga kafi si nguvu. Mwenye mabega mapana kati yetu ndiye aliyetuzungusha kama pia. Unaingia kwa kukanyaga katikati, mwili umeinama, mkono mmoja huku na mwingine kule, unakaa chini. Husimami kabisa, hata kama kanga imenasa. Kafi unalitumbukiza mbele, unalivuta kando ya chombo, unalitoa linapofika kiunoni. Ukilivuta hadi nyuma kabisa unageuza chombo badala ya kukisogeza. Anayekaa tezi ndiye anayeshika uelekeo. Na macho hayatazami kafi. Tulipoangalia mikono yetu tulikwenda upogo. Mzee alituonyesha mti mmoja mkavu ng'ambo, tukautazama huo, na mtumbwi ukanyooka wenyewe, au karibu wenyewe. Kanuni nyingine tuliipenda sana: anza safari kwa kwenda upepo unakotoka ungali na nguvu, ili wakati wa kurudi, umechoka, upepo ukusukume nyumbani.

Sasa tufike kwa mama mmoja wa kundi letu. Hatutamtaja, na yeye ameturuhusu kuandika. Mume wake alikuwa mvuvi, akafa maji bwawani. Kwa miaka minne hakushuka bwawani, na samaki hakumla. Tulipoanza mafunzo hakuna aliyemwalika, si kwa kumtenga, ila tuliona hilo si letu kuomba. Alikuja mwenyewe siku ya tatu. Alikaa chini ya mgunga, akatutazama. Tuliporudi ukingoni aliuliza swali ambalo bado tunalo. "Wale watu wa Paulo wote 276 walipata mbao. Kwa nini ubao haukumfikia baba watoto wangu?"

Hatukumjibu. Mchungaji, tulipomfikishia swali hilo, naye hakujibu. Alikwenda kwake, wakanywa chai, wakaomba, akaondoka. Tunadhani alifanya vema.

Wiki iliyofuata alivaa jaketi na kupanda, akakaa katikati, bila kafi. Horini, mbali kidogo na ukingo, aliomba tusimame. Tuliinua makafi, maji yakidondoka. Alimgeukia mzee mvuvi aliyekuwa tezi.

"Baba, wewe ulikuwapo siku ile?"

"Nilikuwapo, mama."

"Niambie ilivyokuwa."

Mzee alimweleza, taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi. Ilikuwa mchana, saa tisa. Upepo ulikuwa umeshapanda tangu saa tano. Marehemu alikuwa peke yake, nje ya rasi, nyavu zimelowa na zote zimewekwa upande mmoja. Hakuwa na jaketi. Siku zile hakuna aliyekuwa nalo. Wimbi lilimpata ubavuni. Walimwona akiuacha mtumbwi na kuelekea nchi kavu. Vyombo viwili vilimfuata, vikachelewa.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka minne naambiwa ni mapenzi ya Mungu. Leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa ni upepo."

Hakulia. Sisi wengine ndio tuliolia. Baadaye, katika jumuiya, tuliligeuza neno lake huku na huku. Wako kati yetu wanaoamini kwamba hata upepo ule ulikuwa mkononi mwa Mungu. Wako wanaosema Mungu alikuwa pamoja na wale waliokuwa katika vile vyombo viwili, wakipiga makafi kwa nguvu zao zote. Hatujakubaliana, na tunaendelea kuomba pamoja. Tulichokubaliana ni kwamba mjane ana haki ya kuambiwa ilivyokuwa, na kwamba yule mzee, ambaye huja kanisani Krismasi na Pasaka tu, alimhudumia kuliko wengi waliompelekea mistari ya Biblia kwenye simu.

Tangu siku hiyo yeye ndiye mkaguzi wa jaketi. Huvuta kila mkanda, hukaza kila fundo, na hamwonei mtu haya. Mchungaji alipokuja kuvuka nasi kwenda kuwapa wagonjwa Chakula cha Bwana, aliambiwa avue joho lililokuwa linazuia mkanda kufungwa. Akalivua, likakunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyombo vya meza, na mama akakaza mkanda hadi mchungaji akaguna.

Sasa ni mwezi wa kumi. Maji yameshuka, hori limekuwa tope lenye nyayo za ng'ombe, na mtumbwi umelala mchangani ukingoja masika. Jaketi 6 zimetundikwa ofisini kwa mwinjilisti. Tunachangisha nyingine 5.