Barabara ya mawe meusi huko Goma

Sisi walimu watatu wa Basoko, watu wa mto na mtumbwi, tulifika Goma likizo kubwa ya 2022. Tulikodi gari, tukaendesha wenyewe kwa zamu. Kaskazini ya mji, upande wa Buhene, barabara inapita juu ya mawe meusi: ni lava ya Nyiragongo iliyoshuka tarehe 22 Mei 2021, ikapoa. Pembeni wamama walikuwa wanajenga tena nyumba za mbao juu ya mawe hayo hayo.

Kuelekea Sake tulisimama ili mtoto wa mmoja wetu ajisaidie. Akashuka mbio kwenye shimo. Mama muuza mahindi akapiga kelele: “Mama, rudisha mtoto! Kule kuna mazuku!”

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini. Haionekani. Ni nzito, inalala mabondeni. Mtu mzima anaweza kusimama salama, mtoto akaanguka pale pale. Asubuhi na mapema, bila upepo, hatari inazidi.

Tulimshukuru sana, tukanunua mahindi yake. Tangu siku ile, tukifika ugenini tunawauliza kwanza wamama wa pale: mtoto asikanyage wapi?