Mtawanyiko wa Chembe na Swali la Mwalimu

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi wa shule ya msingi huuliza pindi wasikiapo habari za atomi, liko moja ambalo walimu wengi hulikimbia: "Nani aliiona?" Swali hili si utovu wa adabu. Mtoto amefundishwa kwamba sayansi huanza kwa kutazama; sasa anaambiwa habari za kitu ambacho hakuna jicho lililopata kukitazama, na habari za vitu vilivyomo ndani ya kitu hicho. Mwalimu anayejibu "imeandikwa kitabuni" amelifunga somo kabla halijaanza. Nimekuwa mkufunzi wa sayansi kwa miaka mingi, na katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha nimelisikia jibu hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu.

Jibu la kweli ni rahisi kulitamka: hakuna aliyeiona; watu walirusha vitu vidogo, wakahesabu vilikoelekea. Ugumu umo katika kueleza jinsi hesabu hiyo inavyoweza kufichua kilichojificha. Mimi sikusomea fizikia ya chuo kikuu. Habari ninazozisimulia hapa nilizikusanya jioni, kidogo kidogo, kwa sababu ya swali lile la watoto, na mwishowe zilinibadilisha zaidi katika usikilizaji wa majibu ya wanafunzi kuliko katika somo la atomi lenyewe.

Mwaka 1909, mjini Manchester, Uingereza, Hans Geiger na Ernest Marsden, huyu wa pili akiwa kijana wa miaka 20 ambaye bado alikuwa mwanafunzi, walikaa gizani wakitazama kwa hadubini kioo kilichopakwa salfidi ya zinki. Kila chembe ya alfa iliyokigonga kioo ilitoa cheche ndogo ya nuru, na kazi yao ilikuwa kuzihesabu cheche hizo. Chembe ziliporushwa kwenye bamba jembamba la dhahabu, karibu zote zilipita kana kwamba hapakuwa na kitu. Lakini chache ziligeuka na kurudi zilikotoka. Kwenye bamba la platini walihesabu kiasi cha moja katika kila 8,000. Ernest Rutherford, aliyekuwa kiongozi wao, alitoa maelezo yake mwaka 1911: karibu uzito wote wa atomi umekusanyika mahali padogo mno katikati. Iwapo atomi ya dhahabu ingekuwa na upana wa uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa punje ya mtama katikati ya uwanja huo.

Angalia, mwanachuo, ni chembe zipi zilizomfundisha Rutherford. Zile 7,999 zilizopita bila kusumbuka zilimwambia tu kwamba atomi ni tupu kwa sehemu kubwa. Ile moja iliyopotoka ndiyo iliyomwonyesha kiini.

Kiini nacho kilileta fumbo. Ndani yake mna protoni, ambazo kwa kuwa zote zina chaji ya aina moja zapasa kusukumana mpaka zitawanyike, nazo hazitawanyiki. Basi ipo kani nyingine inayozishika, yenye nguvu kupita ile ya umeme, na ambayo haifiki mbali. Wataalamu huiita kani kali. Mwaka 1935 Hideki Yukawa wa Japani alitoa nadharia kwamba kani hiyo hupelekwa na chembe yenye uzito wa kama mara 200 wa elektroni, na kwamba hufika umbali wa kama milimita moja iliyogawanywa kwa milioni milioni. Mwaka 1947 Cecil Powell na wenzake wa Bristol waliikuta chembe ya namna hiyo katika mabamba ya picha yaliyopandishwa milimani. Leo huitwa pioni.

Ungetarajia kwamba baada ya hapo kazi ingekuwa nyepesi. Haikuwa hivyo, na sababu yake yafaa kuelezwa kwa mfano. Tuseme fundi anapima shamba kwa kukadiria, kisha anasahihisha makadirio yake. Sahihisho la kwanza ni hatua 10, la pili ni nusu hatua, la tatu ni upana wa kidole. Fundi huyo atafika kwenye ukweli. Ndivyo wanadharia wanavyohesabu mtawanyiko wa chembe zenye umeme, kwa kuwa kipimo cha nguvu ya kani ya umeme ni kama 1 kwa 137, na kila sahihisho ni dogo kuliko lililotangulia. Lakini kipimo cha namna hiyo baina ya pioni na protoni ni kama 14. Sahihisho la kwanza ni hatua 10, la pili ni hatua 140, la tatu ni karibu 2,000. Fundi wa namna hii kila anavyozidi kusahihisha ndivyo anavyozidi kupotea.

Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1960, kundi kubwa la wanadharia likiongozwa na Geoffrey Chew wa Berkeley, Marekani, lilichagua njia nyingine. Tuache, walisema, kuuliza kuna nini ndani. Tuandike kilichoingia katika mgongano na kilichotoka, kisha tutafute kanuni zinazoyalazimisha maandishi hayo yapatane. Kwa mfano, ukijumlisha uwezekano wa matokeo yote, jumla haina budi kuwa moja kamili. Werner Heisenberg alikuwa amekwisha kutoa wazo la namna hiyo mwaka 1943. Chew alikwenda mbali zaidi: kwake hakukuwa na chembe iliyo ya msingi kuliko nyingine, bali kila moja iliundwa na zote. Wako wanaoicheka shule hiyo leo, nami sipendi kicheko chao. Kanuni zake za kupatanisha kinachoingia na kinachotoka zingali zikitumika. Kosa lilikuwa kudhani kwamba swali la ndani halina maana kwa kuwa lilikuwa halijapata jibu.

Wakati huohuo, mwaka 1964, Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwamba protoni imeundwa na vitu vidogo zaidi, ambavyo Gell-Mann aliviita kwaki. Wengi walivichukua kuwa ni mbinu ya kuhesabia tu, maana hakuna aliyewahi kupata kwaki moja peke yake.

Kugonganisha protoni na protoni hakukusaidia sana. Ni sawa na kugonganisha mapapai mawili ili uhesabu mbegu. Elektroni, kwa upande wake, haiguswi na kani kali. Yaweza kupenya ndani ya protoni bila kunaswa na vurugu hiyo. Huko Stanford, California, ulijengwa mtambo wenye urefu wa kilomita 3 wa kuziongezea elektroni mwendo, na kuanzia mwaka 1967 kundi la Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor lilizirusha kwenye protoni kwa nishati iliyofika elektroni-volti bilioni 20. Robert Hofstadter alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1950, hapohapo Stanford, kwamba protoni ina upana na si nukta. Kwa hiyo wengi waliitazamia iwe kama bonge la uji mzito, ambamo elektroni hazigeuki sana. Lakini elektroni zilizogeuka kwa pembe pana zilikuwa nyingi kupita matarajio. James Bjorken na Richard Feynman ndio waliosaidia kuisoma habari hiyo: ndani ya protoni mna vitu vidogo na vigumu. Ni hadithi ya Manchester tena, miaka 60 baadaye, ndani zaidi. Friedman, Kendall na Taylor walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Hapo fumbo likawa kali zaidi. Vitu hivyo vya ndani vilitawanya elektroni kana kwamba havikufungwa na chochote, ilhali hakuna nguvu iliyoweza kukitoa hata kimoja nje. Ni kani gani iliyo dhaifu kwa walio karibu na kali kwa wanaoachana? Kani tulizozizoea, ya umeme na ya mvutano wa dunia, hufanya kinyume.

David Gross alikuwa mwanafunzi wa Chew huko Berkeley. Kufikia mwaka 1973, akiwa Princeton, alikuwa ameazimia kuthibitisha kwamba hakuna nadharia yoyote ya uga, yaani nadharia ya aina ile inayoeleza umeme, iwezayo kuwa na tabia hiyo. Yeye na mwanafunzi wake Frank Wilczek, na mbali nao David Politzer, mwanafunzi huko Harvard, walifanya hesabu ya namna kani inavyobadilika kwa umbali. Jambo zima lilining'inia kwenye alama moja: kujumlisha au kutoa. Sehemu kuu ya jibu lao ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya ubaoni. Chukua 11. Toa theluthi mbili ya idadi ya aina za kwaki. Ikiwa kinachobaki ni zaidi ya sifuri, kani hupungua kadiri vitu vinavyokaribiana.

Aina za kwaki tunazozijua ni 6, ya mwisho ikiwa imepatikana mwaka 1995. Theluthi mbili ya 6 ni 4. 11 ukitoa 4 hubaki 7. Hata kama aina zingekuwa 16, ingebaki theluthi moja. Zikifika 17, alama inageuka. Hiyo 11, bila shaka, si ya kitoto. Inatokana na chembe zinazoipeleka kani, ziitwazo gluoni, ambazo tofauti na nuru huvutana zenyewe kwa zenyewe, na kuifikia kulitaka kurasa nyingi za hesabu. Gross alikuwa amekusudia kuufunga mlango, na hesabu yake ikaufungua. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Ama kuhusu kuzitenganisha kwaki, mvutano baina yao hubaki sawa na uzito wa tani zipatazo 15 hata umbali uongezeke, kama mpira wa manati usiolegea. Na ukizidi kuvuta, nishati yako huzaa chembe mpya badala ya kukuachia kwaki.

Sasa niruhusu nirudi darasani. Mwalimu naye hakioni kilichomo kichwani mwa mtoto. Anarusha swali, anasoma kinachorudi. Na mazoea yetu ya kusahihisha ni yale ya Chew bila ile akili ya Chew: kilichoingia, kilichotoka, alama ya pata au kosa, jumla chini ya ukurasa. Chukua 42 kutoa 17. Watoto 30 wanaandika 25, nasi twafurahi, ijapokuwa hatujui kama wameelewa au wamekariri. Watoto 4 wanaandika 35. Hao ndio elektroni za pembe pana. Kila mmoja ametoa 2 kwenye 7, kwa kuwa ana kanuni ngumu ndani yake isemayo kwamba ndogo hutolewa katika kubwa, popote zilipo. Kanuni hiyo haikuonekana kamwe ulipouliza 48 kutoa 15. Swali lile lilikuwa laini mno. Yatupasa kuchagua maswali ambayo kanuni ya siri ikiwapo italazimika kuligeuza jibu, kisha tuhesabu ni wangapi waliogeukia upande uleule.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Elektroni haijui kwamba inachunguzwa, wala protoni haimwogopi mchunguzi. Mtoto anajua, tena hutazama uso wa mwalimu kabla ya kujibu. Swali lililorushwa kwa ukali hurudi na woga wake, na woga huo mwalimu akaudhania ujinga.

Kwa yeyote atakaye kulijaribu swali la "nani aliiona" kwa vitendo, mwaka mmoja katika darasa la tano nilifanya hivi. Nilikiweka sakafuni kipande cha mbao kilichochongwa, nikakifunika kwa ubao mpana uliotegemea juu yake, watoto wakiwa nje. Walipoingia waliketi pande zote, wakawa wanaviringisha gololi chini ya ubao, na kuchora kwa chaki mstari wa kuingilia na wa kutokea. Wengi walianza kwa kubahatisha: duara, sanduku, kiatu cha mwalimu. Baada ya nusu saa mistari ilianza kukanusha baadhi ya majibu, na mabishano yakahama kutoka kwa wenye sauti kubwa kwenda kwa wenye mistari mingi. Walikubaliana kwamba ni pembetatu. Kisha wakataka ubao ufunuliwe, nami nikakataa, nikawaambia kwamba wale wa Manchester hawakufunuliwa chochote, na wa Stanford vilevile. Walinung'unika sana. Msichana mmoja aliyekuwa amekaa upande wa dirishani hakunung'unika. Alisema upande wake gololi hurudi kwa namna mbili tofauti ingawa hurushwa njia moja, huenda kuna pengo ambalo gololi haliingii.

"Mwalimu," aliuliza, "hakuna gololi ndogo zaidi?"

Hazikuwapo. Kesho yake walikuja na njegere kavu.