Ngoro na Rafu za Maktaba

Nilikulia Kigonsera, kando ya barabara itokayo Songea kwenda Mbinga, mahali ambapo Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1899. Lakini bibi yangu mzaa mama alilima milimani, Umatengo, na kila likizo nilipelekwa kwake. Huko ndiko nilikojifunza ngoro. Mvua zikaribiapo kwisha, wanaume hufyeka majani na kuyapanga mteremkoni kwa mistari inayokatana. Wanawake hufuata na majembe, wakichimba udongo wa katikati na kuyafukia majani yale. Hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu ufuatao mahindi. Mvua inyeshapo, maji hutuama mashimoni, wala udongo hauporomoki.

Nilipojiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1979, mambo hayo niliyaonea haya. Maktaba nayo niliitumia kama walivyoitumia wengi wetu: niliingia wakati wa mitihani, nikaketi kusoma daftari langu mwenyewe. Siku moja, nikitafuta habari nyingine katika sehemu ya vitabu vya Afrika Mashariki, nilifungua jarida la Tanganyika Notes and Records la mwaka 1938. Humo A. H. Pike aliandika jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Kumbe jambo nililolificha mbele ya wenzangu lilikuwa limewekwa rafuni kabla sijazaliwa!

Nilinakili makala ile kwa mkono, na wakati wa likizo nikamsomea bibi kwa Kiswahili. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na haya ninayokueleza mimi, mjukuu wangu, yameandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Bibi aliweza kutazama majani yaliyoota shambani akasema kama udongo umekwisha kupumzika. Alinifundisha majina ya majani hayo. Nami, nikidhani nina muda, sikuyaandika. Alipofariki, alikwenda nayo.

Tangu miaka ya 1990, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, wamefika Mbinga kujifunza ngoro kwa wakulima wenyewe. Hiyo ni hatua njema. Maktaba ya chuo hicho huko Morogoro ndiyo maktaba ya taifa ya kilimo tangu mwaka 1991.

Hata hivyo, ghala hujazwa ili mbegu zirudi shambani. Mwanafunzi atokaye kijijini anapaswa kuyarudisha kwao, kwa Kiswahili, yale aliyoyasoma juu ya watu wake. Anaporejea chuoni, na achukue daftari lenye maneno ya wazee, alikabidhi maktabani. Asingoje kama nilivyongoja mimi.