Jiwe la lango la Ngomeni

Jumamosi, 9 Agosti 2025
Ngomeni, yaani Fort Jesus hapa Mombasa, asubuhi, mimi na binti wa kaka yangu. Tumepita haraka kwenye vyungu na mizinga, kwa sababu mtoto aling'ang'ania langoni, penye jiwe lenye maandishi ya Kireno. Mwongozaji akatufasiria kwa subira. Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu hapo kwamba mwaka 1635, akiwa na miaka 27, alikabidhiwa ngome hii, akaijenga upya, akawatiisha watu wa pwani walioasi chini ya mfalme wao dhalimu, akaziadhibu Pate na Siyu.

"Shangazi, huyo mfalme hana jina?"

Analo: Yusuf bin Hasan. Limeniuma kwamba mtoto wa Mombasa amekutana naye kwanza kwa tusi la adui yake.

Usiku
Usingizi hauji, nimeona bora niandike. Babake Yusuf, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Yusuf, mtoto mdogo, akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa Jerónimo Chingulia. Kisha Wareno wakamrudisha atawale hapa kwa niaba yao. Sijui ni moyo gani unaoweza kubeba hayo: kula chakula cha waliomuua baba yako, kusali sala zao, kuitika jina walilokupa.

Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua mkuu wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, akarudi kwenye Uislamu. Siku zilizofuata Wareno wa mjini waliuawa, wanaume, wanawake na watoto, na pamoja nao Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha dini yao. Sitaki kuyafunika haya. Mtu akinisimulia habari za Yusuf akawaruka hao, simwamini, kama nisivyoliamini lile jiwe.

Mwaka 1632 merikebu kutoka Goa zilikuja kuizingira ngome zikashindwa. Baada ya hapo Yusuf mwenyewe akaondoka kwa bahari, na Wareno wakarejea. Ndipo Cabreira akapata nafasi ya kuchonga jiwe lake.

Jumamosi, 16 Agosti
Leo ndiyo tarehe yenyewe. Nimepita Ngomeni peke yangu. Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, makumbusho yakafunguliwa 1960. Kwa hiyo marehemu babu aliijua kwa kuta za nje tu, na mlango huu ulikuwa wa kuogopwa. Sasa wanafunzi wanaingia wakicheka, na nafurahi kwa hilo.

Jioni mtoto amepiga simu. Anaandika insha juu ya Yusuf na amekwama: amwite shujaa au muuaji? Nimemwambia aanze na mwaka 1614, asimfiche mtu yeyote aliyekufa 1631, na jina alitaje kamili, la Goa na la kwao.

"Basi itakuwa ndefu, Shangazi."

Iwe ndefu.