Barua kwa Mpwa Aliyepata Pikipiki

Temeke, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenipigia simu kuniambia kwamba pikipiki imefika Mashewa na umeshapata kijiwe pale gulioni. Nimefurahi sana, najua ulivyohangaika kuipata. Lakini usiku ule usingizi uliniruka, na sababu yake sijawahi kukusimulia.

Ulikuwa bado mdogo nilipokuwa naendesha daladala hapa mjini. Asubuhi moja mtoto wa shule alichomoza mbele ya basi lililosimama kushusha abiria. Sikuwa nimekunywa, sikuwa nafukuzana na mtu. Nilikuwa kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao sheria inauruhusu penye makazi. Nilipomwona nikakanyaga breki, kumbe nimeshamfikia. Alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Waliopima ajali wakasema sina kosa. Mimi najua nilipaswa kupunguza mwendo tangu nilipoliona lile basi, maana palipo na basi lililosimama, kuna mtu anayetaka kuvuka.

Hesabu yake ni hii. Kwa mwendo wa 50, chombo kinakwenda karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde nzima inaweza kupita kabla mkono wako haujabana breki. Kwa mwendo wa 30 ni mita 8 na kidogo. Hapo breki haijaanza kazi bado, na kwenye changarawe ya kwetu ukiibana kwa nguvu tairi linaserereka tu.

Halafu kuna vumbi. Wakati wa kiangazi lori likipita linaacha wingu nyuma. Mtoto anasubiri lipite, likishapita anavuka, na wewe umo ndani ya wingu hilo hilo. Hakuoni, humwoni. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori, kaa mbali mpaka vumbi litulie. Abiria akilalamika kwamba unamchelewesha, mwache alalamike. Masika yakija, kingo za barabara zinakuwa utelezi na watoto wanatembea katikati. Usiwapigie honi kana kwamba wamekukosea. Hawana pengine pa kukanyaga. Wewe mwenyewe juzi tu ulikuwa unaipita njia hiyo hiyo, viatu mkononi.

Huku Dar es Salaam shirika la Amend lilikwenda shule moja baada ya nyingine, likaangalia watoto wanapita wapi na wanagongwa wapi, kisha likaweka vitu vya kawaida kabisa: matuta, njia ya miguu pembeni, alama, vivuko. Mwaka 2019 mpango huo, unaoitwa SARSAI, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya Kituo cha WRI Ross. Kilichonigusa zaidi ya tuzo ni kwamba hawakuishia kumwambia mtoto awe mwangalifu. Mtoto wa miaka saba hajui kupima kasi ya pikipiki inayomjia. Anayeweza kupunguza ni dereva, na tuta linamsaidia asiyekumbuka. Nyinyi wa kijiweni mnaweza kulipeleka jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Bodaboda wakisimama kuomba tuta mbele ya shule, mwenyekiti atawasikiliza, kwa kuwa ndio watu asiowategemea kuliomba.

Mishikaki usipakie, hata siku ya gulio, na kofia ngumu uivae wewe na abiria wako. Hayo tulishayazungumza.

Ninalokuomba sasa ni dogo. Kesho kabla hujawasha pikipiki, nenda kwa miguu mpaka geti la shule. Kutoka hapo hesabu hatua ndefu 14 kuelekea upande unaotokea na abiria. Simama uangalie kuna nini: kichaka, kibanda, kona. Kisha nipigie unieleze umeona nini.

Nisalimie mama yako.

Mjomba wako