Chupa Mbili kutoka Uluguru

Mwishoni mwa mwaka 2022, mabomba ya Dar es Salaam yalipoingia katika mgawo, nyumba yetu ilijifunza upya thamani ya kopo moja la maji. Tulinunua madumu kwa wauza maji wa mikokoteni, tukawausia watoto watawadhe kwa kopo moja, na maji yaliyooshea mboga yakapigiwa deki. Kila jioni tuliwalaumu wahusika. Kujilaumu sisi wenyewe hakukutupitikia.

Wakati huo binti yetu mkubwa alikuwa Matombo, katika milima ya Uluguru, akifanya utafiti wa chuo kikuu juu ya usimamizi wa rasilimali za maji. Majirani walipotuuliza mwana wetu anasomea nini, tulijibu kwa mzaha kuwa anapima matope. Aliporudi alituwekea mezani chupa mbili, zilizojazwa siku moja baada ya mvua moja. Ya kwanza ilitoka katika kijito kinachoteremka msituni, na maji yake yalikuwa maangavu. Ya pili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Hii umeiteka wapi?" tulimuuliza.

"Chini ya shamba letu," alijibu taratibu, macho ameyainamisha.

Shamba hilo ni la ukoo, kwani kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Msimamizi wake ni babu yake, ndugu wa bibi yake mzaa mama. Miaka michache nyuma sisi ndio tuliotuma fedha ili miti ya ukingoni ikatwe na mahindi yapandwe mpaka majini. Magunia yalipotufikia mjini, tulishukuru.

Vijito vya huko huingia mto Ruvu, unaolipatia jiji letu sehemu kubwa ya maji yake ya bomba. Binti yetu hakudai kuwa shamba moja limeupunguza mto. Mvua za mwaka ule zilikuwa haba. Alitueleza tu kuwa udongo wa msituni, uliofunikwa na majani makavu, hunywa mvua na kuiachia kidogo kidogo hadi kiangazi. Mteremko ulio wazi huiacha mvua ipite mbio na udongo wake: leo mafuriko, kesho ukame, na mitambo ya kusafisha maji huelemewa na tope. Dawa yake, alisema, ni kuuacha ukingo wa mto uote tena, na kukingama mteremko kwa miti na mistari ya majani.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Lakini babu yake alipoambiwa habari hizo alikataa. Alikuwa mtoto serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi. Udongo mzuri ukafukiwa, ule usio na rutuba ukaja juu. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo waliukataa mpango huo, damu ikamwagika, nao ukaachwa.

"Na wale nao walisema wanaokoa ardhi," alisema mzee.

Binti yetu hakumpinga. Alikaa naye siku tatu akimsikiliza, kisha akamuuliza, "Babu, ingekuwa hiari yako, ungepanda nini hapa?" Mzee akataja migomba, mikarafuu na mdalasini, na majani ya mbuzi kwenye mteremko. Kisha naye akauliza: "Na mahindi nitakayoyakosa, nani atanilipa?"

Swali hilo lililetwa kwetu. Katika miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu huko huko Uluguru utaratibu wa watumiaji wa maji mjini kuwalipa wakulima wanaotunza vyanzo. Sisi tulikuwa watumiaji, tena ndio tuliolipia shoka. Tulipiga hesabu ya fedha tulizotumia kwa madumu, na tangu hapo tunampelekea mzee kiasi kama hicho kila msimu, mpaka miti izae.

Miche mingine imekufa. Chupa ya masika yaliyopita ilikuwa bado na tope. Sisi tunaona limepungua, ila binti yetu anatukataza kusema hivyo kabla ya vipimo vya miaka mingi.

Tumefundishwa tusifanye israfu katika udhu, hata tukiwa kando ya mto utiririkao. Adabu hiyo tuliwafunza watoto wetu wakiwa mbele ya bomba. Likizo hii, inshallah, tutawapeleka Matombo wakamsalimie babu yao, na waushuhudie mto wenyewe.