Goti, Sala na Baridi Yabisi



Huku kwetu Mbinga mtu akiumwa na goti hupewa jina la ugonjwa wake kabla hajaonwa na mganga. Jina hilo ni baridi yabisi. Jirani atalisema, shemeji atalisema, na mwuza dawa naye atalisema hali amekwisha nyosha mkono kutwaa vidonge. Na kwa kuwa mji wetu uko juu milimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na katika mwezi wa Juni na Julai baridi yake huingia mpaka mifupani, jina hili halina mpinzani. Sisi tumelichukua katika goti letu la kulia tangu mwaka 2022. Tumeona yafaa kuyaandika tuliyoyapata, kwani katika nyumba nyingi za Waislamu yumo mzee anayeshika ukuta ili apate kuinuka kutoka katika sijida, na watu wa nyumbani wamekwisha zoea kumwona hivyo.

Maumivu yalianza wakati wa kuchuma kahawa. Msomaji asiyeijua nchi ya Umatengo na afahamu kwamba mashamba yetu yako katika miteremko mikali, ambako wazee walibuni kilimo cha ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa kilimani ili mvua isiuchukue udongo. Mtu hulima mguu mmoja juu na mmoja chini. Riziki ya mwalimu wa chuo ni dua na kile mzazi alichojaliwa, kwa hiyo asubuhi twashika jembe na alasiri twafundisha. Kupanda hakukutusumbua sana. Kushuka ndiko kulikotutoa machozi. Baadaye tulielezwa sababu, nayo ni kwamba mtu anapopanda au kushuka ngazi, goti hubeba mzigo uliozidi mara tatu ya uzito wa mwili wake.

Lakini shamba lilikuwa jambo dogo. Sala tano za faradhi zina rakaa 17, na katika rakaa hizo mna sijida 34. Mwenye goti zima hazihesabu. Sisi tulianza kuzihesabu, na tukajiona twaiogopa Isha kabla haijafika, si kwa uvivu bali kwa kujua kwamba mkao wa Tahiyatu utatuchoma kama moto. Mtu aliyefundisha watoto Sala kwa zaidi ya miaka 20 akifikia hapo, huzuni yake hawezi kumsimulia kila mtu.

Mwuza dawa mmoja alitupa vidonge vya diklofenaki. Kwa kweli maumivu yaliondoka. Yaliporudi alitupa vingine, kisha vingine, wala siku moja hakutuuliza kama tuna vidonda vya tumbo, au presha, au maradhi ya figo. Mwezi wa nne tumbo likawaka, na choo kikawa cheusi. Dawa za namna hii zina kazi yake, nao matabibu huziandika; ila zikinywewa mfululizo bila ya kuangaliwa zaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, na choo cheusi ni alama ya damu inayovuja ndani. Mwenye kuiona asingoje kesho.

Tuliumikwa pia. Hijama ni jambo lenye asili katika dini yetu wala hatulidharau. Tulipata nafuu ya siku chache, na anayeifanya kwa vyombo safi hatumkatazi. Lakini haikutuambia goti lina nini.

Jambo lililotufungua macho lilitoka ziwani. Ndugu yetu, mtoto wa mama mdogo, ni mvuvi wa usipa huko Mbamba Bay. Kutoka Mbinga mpaka kwake ni kilomita 66 hivi, na njia hushuka sana, kwani Ziwa Nyasa halifiki hata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Joto la huko wanalijua waliolala ufukoni. Naye goti lake lilivimba usiku mmoja, likawa jekundu na la moto, hata shuka halikuweza kuligusa. Watu wakasema baridi yabisi. Tukajiuliza: baridi gani hii inayomfuata mtu mpaka Mbamba Bay?

Alipelekwa hospitali, na daktari akachoma sindano katika goti akavuta maji yake yapimwe. Likaonekana kuwa ni jongo, ugonjwa unaotokana na tindikali ya yuriki kuzidi katika damu na kufanya vijiwe vidogo kama sindano ndani ya kiungo. Hapo ndugu yetu akakumbuka kwamba miaka miwili nyuma kidole gumba cha mguu kiliwahi kumvimba vivyo hivyo. Akapewa dawa ya kutuliza uvimbe, na baadaye dawa ya kunywa kila siku, na akaambiwa apunguze maini, figo na samaki wadogo wanaoliwa wazima. Mvuvi wa usipa kuambiwa apunguze usipa! Alicheka, nasi tukacheka naye, lakini amesikia, na alhamdulillahi goti halijamrudia.

Kumbe watu wawili wa ukoo mmoja walipewa jina moja la ugonjwa, na magonjwa yenyewe ni mbali mbali. Jina hili la baridi yabisi ni kapu; mna ndani yake kulika kwa gegedu, mna jongo, mna ugonjwa wa mwili kujishambulia viungo vyake, na hata kifua kikuu huweza kuingia katika goti kikajificha humo. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya hiki haimfai mwenye kile. Tena liko la hatari kuliko yote: goti linalovimba ghafula pamoja na homa laweza kuwa na usaha ndani, na hilo huharibu kiungo kwa siku chache tu. La namna hiyo si la kusuguliwa mafuta. Hilo ni la kukimbizwa hospitali siku ile ile, kama lile la mtu aliyeanguka asiweze kukanyaga.

Basi nasi tukaenda. Wako watakaouliza kwa nini mwalimu wa chuo afike katika hospitali ya misheni, maana huku kwetu nyingi za zamani ni za misheni: Litembo, Liuli, na Peramiho, ambako watawa Wabenedikti walifika mwaka 1898. Twawakumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alipohama kutoka Makka kwenda Madina alimkodi Abdullahi bin Uraiqit awaongoze njia, na mtu huyo hakuwa Mwislamu. Alikuwa mwaminifu naye aliijua njia. Apendaye hospitali ya serikali, Songea iko hospitali ya rufaa ya mkoa, na yafaa apite kwanza katika zahanati au kituo chake cha afya achukue barua ya rufaa, hasa mwenye bima.

Daktari alituchukua muda mrefu. Aliuliza maumivu huja saa ngapi, asubuhi goti hukaza kwa dakika ngapi, tumeanguka lini, twanywa dawa gani. Alilikunja na kulikunjua, akalipima na lile la kushoto. Kisha tukapigwa picha ya eksirei hali tumesimama, ili ionekane nafasi iliyo kati ya mifupa wakati goti limebeba mwili. Nafasi ile ilikuwa nyembamba upande wa ndani. Gegedu, ile nyama laini ya kuteleza inayofunika ncha za mifupa, imelika, na iliyolika hairudi kwa kidonge wala kwa mafuta. Alitwambia hivyo waziwazi, nasi twamshukuru kwa kutotupa ahadi ya uwongo.

Dawa yake kubwa haikuwa katika chupa. Ilikuwa ni kuitia nguvu misuli ya paja, kwani misuli ikiwa imara hulipunguzia goti mzigo. Twakaa kitini, twanyosha mguu mpaka uwe sawa, twauzuia hivyo huku twahesabu mpaka kumi, twashusha polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki tatu za kwanza hatukuona kitu. Mwezi wa tatu tulishuka shambani bila ya kusimama njiani. La pili ni uzito: kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti kiasi cha kilo nne katika kila hatua. Tulikuwa na kilo 84, sasa tuna 77, na sukari katika chai tumeiaga. La tatu ni fimbo, nayo hushikwa kwa mkono wa upande wa goti zima. Wengi wetu huishika upande wa goti bovu. Maumivu yakizidi twapaka dawa ya diklofenaki juu ya ngozi, ambayo haisumbui tumbo kama vidonge. Tukauliza habari za kubadilishwa goti kwa upasuaji. Akasema hufanywa, mathalan katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa mwaka 1996; lakini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, na sisi bado hatujafikia huko.

Katika Sala tulirudi kwa Imran bin Huswain (r.a.), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, akaelekezwa na Mtume (s.a.w.) asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Lakini msomaji asichukue kiti akakaa tangu Takbira ikiwa miguu yake yaweza kusimama. Kusimama ni nguzo. Anayeshindwa kusujudu tu husimama, hurukuu, kisha hukaa akaashiria sijida yake. Ndivyo tunavyofanya siku za maumivu makali. Siku nyingine twasujudu na mto chini ya goti.

Chuoni palikuwa na tatizo la adabu. Mwalimu akikaa juu ya kiti na watoto wako mkekani, mas'hafu huwa chini ya miguu yake, na hilo hatukuliweza. Seremala akatutengenezea meza ya mninga, nayo marufaa hukaa juu yake, na mtoto huja kusoma akiwa amesimama. Mdogo wao mmoja alituuliza kama tumekuwa mwalimu wa shule.

Limebaki neno juu ya mama zetu. Kulika kwa gegedu huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa baada ya umri wa miaka 50, na hapa kwetu ndio wanaopanda milima na maji na kuni kichwani. Mama wa watoto wetu alipotuona twanyosha miguu kitini alikaa kando yetu akanyosha na yeye, kisha akasema kwamba goti lake la kushoto lina miaka mitano. Mazoezi twayafanya pamoja. Picha hajapigwa bado. Kahawa ya mwaka huu ikiuzwa, nauli ya kwanza ni yake.